Kuweka Cheti cha Usalama: Mwongozo kwa Fundi Asiyetaka Kusahaulika

Mtu wa TEHAMA hukumbukwa siku printa inapogoma. Siku nyingine hakuna anayejua kama amefika kazini au la. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi aliyechoshwa na hali hiyo, anayetaka jina lake litajwe katika kila kikao cha menejimenti, tena kwa sauti ya juu. Njia ipo na gharama yake si kubwa: aombe kazi ya kuweka cheti cha usalama kwenye mfumo mkuu wa kampuni, kisha afuate maelekezo haya bila kuruka hata moja.

Mfumo wenyewe unaujua. Mauzo, mishahara, stoo, ankara, LPO, vyote vimo humo. Umeandikwa kwa Java, umekaa juu ya Tomcat, na uliletwa na wakandarasi waliofanya semina, wakala chakula cha mchana, wakaaga, wakabadilisha namba za simu. Watu huufungua kwa kuandika http://192.168.1.20:8080, anwani ambayo dada wa uhasibu ameibandika pembeni mwa kioo cha kompyuta yake pamoja na nywila. Kila anapoingia, nywila hiyo hupita kwenye Wi-Fi ya ofisi ikiwa wazi, na yeyote mwenye programu ya bure ya kunasa mawasiliano anaweza kuisoma. Wakaguzi wameliona hilo na kuliandika kwenye ripoti. Bosi amekuita: "Wakaguzi wanasema hatuna HTTPS. Iwekwe kabla ya Ijumaa."

Jibu: "Hamna shida, mkuu." Usiulize swali lolote. Kuuliza huleta majibu, na majibu huharibu mwongozo huu.

Hata hivyo, kabla ya kuharibu kitu ni vizuri ukijue. Cheti kina kazi mbili. Ya kwanza, ambayo kila mtu huitaja, ni kusaidia kivinjari na seva kukubaliana siri ili mazungumzo yao yasisomeke njiani. Ya pili ndiyo yenye ugomvi: kuthibitisha jina. Cheti ni faili dogo lililopangwa kwa kiwango kiitwacho X.509, kilichotoka mwaka 1988. Ndani yake mna jina la seva au majina yake, ufunguo wa wazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na saini ya aliyekitoa. Kivinjari kikishajiridhisha na saini na tarehe, hufanya jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angeliweza. Hutazama jina uliloandika pale juu kwenye anwani, hutazama majina yaliyomo kwenye cheti, na kuuliza: yanafanana? Yakifanana, karibu ndani. Yasipofanana, ukurasa wa onyo. Kivinjari hakijui kwamba mauzo na seva ya mauzo ni kitu kimoja, wala hakina habari kwamba ofisi nzima inaujua mfumo huo kwa namba.

Ulinganisho huo mdogo ndio kazi yote. Ukiuvuruga vizuri, mengine yatajivuruga yenyewe.

Anza kwa kuacha majina yabaki jinsi yalivyo. Seva yenyewe inajiita SRV-APP01, jina la mkandarasi. Mtandao wa ndani unaiita mauzo.mfano.local. Tawi la Mwanza huingia kupitia VPN kwa mauzo.mfano.co.tz. Uhasibu wana namba yao. Hayo ni majina manne ya seva moja. Fundi wa kawaida angechagua moja, lile la .co.tz ambalo kampuni inalimiliki kihalali, akaliingiza kwenye DNS ya ndani na ya VPN, akawatangazia watu kwamba kuanzia Jumatatu hakuna jina jingine. Kazi ya asubuhi moja. Wewe mwongozo wako ni huu, kwa hiyo omba cheti cha SRV-APP01.

Mamlaka ya vyeti itakukatalia, na hapo utapata jambo la kwanza la kumweleza bosi. Tangu tarehe 1 Novemba 2015, mamlaka zinazoaminiwa na vivinjari haziruhusiwi kutoa cheti kwa jina la ndani ya ofisi wala kwa anwani za IP za mitandao binafsi, na vile vilivyokuwa vimetolewa vilitakiwa vifutwe ifikapo Oktoba 2016. Sababu haihitaji kikao. SRV-APP01 zimejaa duniani. Atakayepewa cheti hicho leo anaweza kwenda nacho kwenye ofisi ya mtu mwingine kesho na kujifanya ndiye seva yao. Na 192.168.1.20 huenda ipo hata kwenye ruta ya nyumbani kwako, inatumiwa na televisheni.

Ukishakataliwa, agiza cheti cha bei mbaya kuliko vyote. Kitengo cha manunuzi watataka nukuu tatu, na hilo litakula wiki. Tafuta kile ambacho mamlaka huhakiki hadi usajili wa kampuni kabla ya kukitoa. Zamani kivinjari kiliandika jina la kampuni kwa kijani pembeni ya anwani, na wakurugenzi walipenda sana kuliona. Chrome iliacha kulionyesha hapo Septemba 2019, Firefox ikafuata mwezi uliofuata, baada ya kuonekana kwamba watumiaji hawakuwa wakiliangalia. Usimbaji wake hauna tofauti na wa cheti cha bure. Lakini mfumo ambao unatumiwa na watu waliomo ndani ya jengo moja, wanaomjua mwenye kampuni kwa sura na kwa gari lake, unastahili heshima hiyo.

Kuna wengine watakushauri cheti cha nyota, yaani cha *.mfano.co.tz, kinachofunika majina yote ya kampuni. Kipokee kwa mikono miwili, kina raha zake. Nyota hufunika ngazi moja tu: mauzo.mfano.co.tz iko salama, lakini mauzo.mwanza.mfano.co.tz haimo, na mfano.co.tz peke yake nayo haimo mpaka iandikwe kando. Usimwambie mtu wa Mwanza hadi atakapopiga simu. Raha ya pili ni kwamba ufunguo wa siri ni mmoja kwa seva zote, kwa hiyo lazima usafirishwe. Utie kwenye flashi, flashi uiazime kwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, na nakala uiweke kwenye kundi la WhatsApp la kitengo ili isipotee. Haitapotea kamwe. Siku seva moja ikivamiwa, zote zimevamiwa.

Sasa twende kwenye seva yenyewe, mahali penye utamu.

Java huja na chombo chake kinachoitwa keytool, cha kuandika kwenye dirisha jeusi. Kazi yake ni kutengeneza ghala la funguo, kuzalisha ufunguo wa siri, na kutoa ombi la cheti la kupeleka kwa mamlaka. Swali lake la kwanza ni: majina yako ya kwanza na ya mwisho ni yapi? Jibu kwa uaminifu, kama ulivyolelewa. Andika majina yako jinsi yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Kile ambacho keytool inakitaka hapo ni jina la seva, mauzo.mfano.co.tz, lakini haisemi, imekuwa haisemi kwa miaka mingi, na haikosoi jibu lolote. Ukijisainia cheti mwenyewe kwa majibu hayo, utakuwa na hati rasmi inayothibitisha kwa dunia nzima kwamba wewe ni seva.

Ikitokea umeshtuka na kuandika jina la seva, usikate tamaa. Bado kuna mtego wa ndani zaidi. Jina hilo uliloandika huingia kwenye sehemu inayojulikana kama CN. Tangu mwaka 2000 maelekezo rasmi ya HTTPS yanasema jina litafutwe kwanza kwenye orodha ya majina mbadala, SAN, na kwamba CN ni desturi ya zamani. Chrome iliacha kabisa kutazama CN kuanzia toleo la 58, mwaka 2017. Mamlaka ya vyeti hukujazia SAN yenyewe, ila cheti cha kujisainia au cha mamlaka ya ndani ya kampuni hakitakuwa nayo usipoitaja kwa mkono, kwa kuongeza -ext san=dns:mauzo.mfano.co.tz kwenye amri. Usiitaje. Kivinjari kitakataa na kukuandikia ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID, yaani kitailaumu CN ambayo hata hakikuitazama. Utaikagua CN, utaikuta sahihi herufi kwa herufi. Utaikagua tena. Saa za kazi zitaisha ukiwa unaikagua, na fomu ya malipo ya saa za ziada ipo kwa afisa utumishi.

Nywila ya ghala: changeit. Tomcat huitumia kama hujaweka nyingine, Java kwa miaka mingi ilikuja nayo kwenye ghala la wanaoaminika, na kila fundi wa Java anaijua kwa moyo. Iache.

Baada ya kutuma ombi, futa ghala ulilolizalisha. Fanya hivyo kwa nia njema kabisa, kwa mfano ili usafishe folda, au kwa kuweka upya Tomcat. Ufunguo wa siri ulikuwemo humo. Mamlaka haikupewa ufunguo huo na haiwezi kukurudishia. Cheti kitakapofika, tengeneza ghala jipya na ujaribu kukiingiza. keytool itakwambia kwamba funguo za wazi za jibu na za ghala hazilingani, na itakuwa imesema kweli tupu: hicho ni cheti cha ufunguo ambao haupo tena duniani. Mamlaka nyingi zitakubali kukitoa upya bila malipo, ila muuzaji wa katikati aliyekuuzia huenda akawa na mawazo tofauti.

Kama ghala limenusurika, ipo njia tulivu zaidi ya kufika hapohapo. Kila kitu ndani ya ghala kina lakabu. Ufunguo wako uliuzalisha kwa lakabu mauzo. Jibu la mamlaka ni lazima liingie kwa lakabu hiyohiyo ili cheti kiungane na ufunguo wake. Wewe kiingize kwa lakabu cheti_kipya. keytool haitalalamika. Itakuuliza tu kama unakiamini, utaitikia ndiyo, nayo itakihifadhi kama cheti cha mtu baki unayemwamini, bila ufunguo wowote nyuma yake. Amri ya keytool -list ingekuonyesha mara moja: palipopaswa kuandikwa PrivateKeyEntry pameandikwa trustedCertEntry. Lakini nani husoma orodha?

Halafu kuna suala la mnyororo, na hili ninaliweka mbele ya yote kwa ubora, kwa sababu linamfanya fundi aonekane shujaa Ijumaa na mzembe Jumatatu.

Mamlaka itakutumia mafaili mawili au matatu: cheti chako, cheti cha kati, na pengine cheti mzizi. Cheti mzizi tayari kimo ndani ya kivinjari na mfumo endeshi. Ufunguo wake hufungiwa mbali na mtandao na hausaini vyeti vya wateja. Husaini cheti cha kati, na cheti cha kati ndicho kilichosaini chako. Seva ndiyo yenye wajibu wa kumpa mgeni cheti chake pamoja na cha kati. Seva inayotoa chake peke yake ni mtu aliyefika kwa mtendaji wa kata na barua ya mjumbe isiyo na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa: huenda anasema kweli, lakini mtendaji hamjui mjumbe.

Basi weka faili la kwanza tu, yale mengine yaache kwenye zipu. Fungua Chrome kwenye laptopi yako. Mfumo utafunguka bila onyo lolote! Chrome ina uungwana wa kwenda kutafuta cheti cha kati kilichokosekana kwa kufuata anwani iliyoandikwa ndani ya cheti chako, na Firefox huhifadhi orodha ya vyeti vya kati mapema. Piga picha ya skrini, mtumie bosi, pokea pongezi, nenda nyumbani. Jumatatu asubuhi, programu inayounganisha mfumo na benki itakuwa imesimama tangu Ijumaa jioni, kwa sababu nayo ni ya Java, na Java kwa kawaida yake haiendi kumtafutia mtu barua iliyokosekana. Kwenye logi patakuwa na mstari mrefu unaoanza na PKIX path building failed. curl nayo itagoma vilevile. Dawa yake ni kuingiza cheti cha kati kwenye ghala kabla ya chako, au kuyaunganisha mafaili mawili kuwa moja kwa mpangilio huu: chako juu, cha kati chini. Na namna ya kuliona tatizo kabla ya benki kuliona ni amri moja, openssl s_client -connect mauzo.mfano.co.tz:443 -showcerts, inayoonyesha kile ambacho seva inakitoa kweli badala ya kile ambacho Chrome imekutafutia. Amri hiyo usimfundishe mtu.

Wapo mafundi ambao wakikutana na PKIX hukimbilia kuingiza kila cheti wanachokiona kwenye ghala la wanaoaminika la Java, mpaka kosa liondoke. Nao nawapa nafasi yao katika mwongozo huu. Kuiamini mamlaka kwenye ghala hilo ni kuiruhusu ishuhudie jina lolote, la benki likiwemo. Uholanzi ilikuwa na mamlaka ya vyeti iitwayo DigiNotar. Mwaka 2011 ilivamiwa, vikatoka vyeti bandia, kimojawapo cha Google, ambacho kilitumika kuwapeleleza watu wa Iran. Vivinjari viliiondoa kwenye orodha zao, na Septemba ya mwaka huohuo ikafilisika. Hiyo ilikuwa mamlaka yenye wakaguzi na wanasheria. Ghala lako lina vyeti vitano vilivyoitwa test.

Cheti kimekaa. Linabaki jambo ambalo miongozo mingine huliruka: mfumo wenyewe nao una maoni kuhusu jina lake. Ndani ya mipangilio, kwenye ukurasa ambao haujafunguliwa tangu semina ile, kuna mahali pameandikwa anwani ya msingi. Mkandarasi aliandika http://srv-app01:8080. Usipaguse. Mtumiaji ataandika https://mauzo.mfano.co.tz, kila kitu kitakuwa kizuri, ataingiza nywila, na mfumo utamrudisha kwa adabu kwenye http://srv-app01:8080, ambako kompyuta ya Mwanza haijui ni wapi. Barua pepe za kuidhinisha LPO zitaendelea kutoka na kiungo cha zamani, kwa hiyo mkurugenzi akibofya akiwa safarini atapata ukurasa mweupe. Pakiwa na Nginx au Apache mbele ya Tomcat, mambo yananoga zaidi. Huko mbele ni HTTPS, huku nyuma ni HTTP, na Tomcat, ambayo haijaambiwa kwenye server.xml kwamba proxyName ni mauzo.mfano.co.tz, proxyPort ni 443 na scheme ni https, itaamini kwamba bado inaishi poti 8080. Mtu ataingia na kutolewa, ataingia na kutolewa, bila kosa lolote kuandikwa popote.

Watakapolalamika, tembea meza kwa meza ukihariri faili la hosts. Lipo kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc, na kwenye Linux lipo /etc/hosts. Andika humo kwamba srv-app01 ni 192.168.1.20, kompyuta moja baada ya nyingine. Mtandao wa ARPANET nao uliishi hivyo: kulikuwa na faili moja la majina yote, HOSTS.TXT, likitunzwa na taasisi ya SRI kule California, na kila mtu alichukua nakala. Mashine zilipozidi, Paul Mockapetris akabuni DNS mwaka 1983. Wewe una kompyuta arobaini tu, huna haja ya kwenda mbio hivyo. Siku seva itakapobadilishiwa namba, utatembea tena, na watu watakuona.

Simu zitakuja. Huu hapa ni mfano wa mazungumzo, uyakariri.

"Kaka, mfumo unaniambia si salama, kuna mtu anaweza kuiba taarifa zangu. Nifanye nini?"

"Dada, hiyo isikusumbue. Bofya maelezo zaidi, halafu chini kabisa kuna maandishi madogo ya kuendelea. Bofya hapo."

"Kila siku?"

"Kila siku, dada yangu."

Baada ya mwezi mmoja utakuwa umeifundisha kampuni nzima kubofya maandishi madogo bila kusoma. Siku mtu mwenye nia mbaya atakapokaa kwenye Wi-Fi ya wageni na kujiweka katikati na cheti chake cha kujisainia, onyo litakalotokea litafanana na hilo walilolizoea, na vidole vitajua pa kwenda. Hapa naomba niweke kejeli pembeni kwa sentensi moja: onyo la cheti ndilo pekee linalomtofautisha mwizi huyo na seva yako, na ukiwazoesha watu kulipuuza, ule usimbaji wote unamlinda mwizi asisikilizwe na wezi wengine.

Kwa programu zinazozungumza zenyewe bila binadamu, maandishi madogo hayapo, lakini kila lugha ina yake. curl ina -k. Python ina verify=False. Java unaiandikia mkaguzi wa majina anayejibu ndiyo kwa kila swali, mistari mitatu tu, na maelezo yake pembeni yasomeke "ya muda". Hutakuwa wa kwanza. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walichunguza programu zinazotumia SSL nje ya vivinjari, wakakuta ukaguzi wa vyeti umevunjika hata kwenye maktaba za malipo za kampuni kubwa. Kisa kimoja kinafurahisha. Mpangilio wa curl uitwao CURLOPT_SSL_VERIFYHOST ulitaka thamani 2 ili ulinganishe jina. 1 ilikagua tu kama kuna jina lolote ndani ya cheti. Waandishi wa programu za PHP, wakiwa na nia safi, waliandika true. Katika PHP, true ikigeuzwa namba ni 1. Wakawa wamewasha ulinzi na kuuzima kwa neno moja. Baadaye curl iliacha kuikubali hiyo 1, jambo ambalo kwa malengo yetu ni hasara.

Betri ndogo ya saa kwenye ubao wa seva usiibadilishe. Umeme ukikatika, seva itaamka ikiamini ni mwaka mwingine, na vyeti vyote vya dunia vitakuwa havijaanza kutumika au vimekwisha.

Mwisho kabisa, tarehe. Usiiandike popote. Barua pepe za kukumbusha zielekezwe kwa aliyekuwa mkuu wa kitengo kabla yako, ambaye sasa anafuga kuku Kibaha na hana habari. Mamlaka nyingi za kulipia huweka mwisho wa cheti saa 23:59:59 kwa saa za UTC. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo cheti chako kitakufa saa tisa usiku kasoro sekunde moja. Chagua kiishie tarehe 27, siku moja kabla ya mishahara.

Usione haya, wakubwa wametangulia. Tarehe 6 Desemba 2018 mamilioni ya wateja wa O2 nchini Uingereza walikaa bila data, na SoftBank ya Japani nayo ikaanguka, kwa sababu cheti kilichokuwa ndani ya programu za Ericsson kilikwisha muda. Tarehe 3 Februari 2020 Microsoft Teams ilizimika kwa saa kadhaa: cheti hakikuhuishwa. Equifax ya Marekani ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka kwenye mtandao wake, lakini cheti chake kilikuwa kimekwisha kwa miezi mingi na kifaa hakikuona kitu. Walipoweka kipya, tarehe 29 Julai 2017, ndipo walipoona wizi ukiendelea. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeshaondoka.

Adui pekee wa mwongozo huu ni Let's Encrypt. Tangu Desemba 2015 inampa yeyote cheti bure, cha siku 90, na programu kama certbot hukiomba, hukiweka na kukihuisha bila mtu kuamka. Huwezi kujitetea kwamba mfumo wako uko ndani na hauonekani kwenye intaneti. Ukiweza kuandika rekodi moja kwenye DNS ya mfano.co.tz, hiyo inatosha kuthibitisha kwamba jina ni lako. Fundi akiifunga leo, mwaka mzima hakuna atakayemtaja. Tahadhari.

Na kama ulikuwa unapanga kuendelea kwa mkono, sikiliza hesabu. Hadi mwanzoni mwa 2018 cheti kiliweza kudumu zaidi ya miaka mitatu. Mwaka huo ukomo ukashuka hadi siku 825, na kuanzia Septemba 2020 ukawa siku 398. Aprili 2025 mamlaka za vyeti na watengeneza vivinjari walipiga kura: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe hiyohiyo 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Siku 47 ni karibu mara nane kwa mwaka kwa kila seva. Mwenye seva kumi na mbili atafanya hatua hizi zote zaidi ya mara tisini, nyingi zikiwa usiku. Mwombe bosi posho ya usiku mapema, kabla bajeti haijapita. Au jioni moja, pasipo na mtu wa kukuona, jifunze certbot.